Usiku Ule wa Wisconsin

Juzi binti yangu, akifanya kazi yake ya shule, aliniuliza: "Baba, inakuwaje mtu apate kura nyingi kisha ashindwe?" Nilimweleza habari ya wajumbe 538 waliogawanywa kwa majimbo ya Marekani, ambao ndio humchagua rais, na kwamba anayefikisha 270 ndiye rais. Aliridhika upesi kuliko mimi, kwa kuwa mawazo yangu yalikwisha kurudi Milwaukee, jimbo la Wisconsin, kwenye nyumba ya kutunzia wazee niliyokuwa nikifanya zamu ya usiku tarehe 8 Novemba 2016.

Wachambuzi wa runinga walizungumza kana kwamba Hillary Clinton, mgombea wa Democratic, amekwisha kuapishwa. Wisconsin waliigusia kwa kupita tu, maana haikuwa imemchagua mgombea wa Republican tangu Ronald Reagan mwaka 1984. Clinton mwenyewe hakukanyaga huko tangu chama chake kimteue.

Bibi wa chumba cha mwisho, aliyekwisha kumpigia Clinton kura yake kwa njia ya posta, alikataa kulala. Saa mbili, vituo vilipofungwa, nilimfunika miguu blanketi nikamwambia, "Lala, Bibi, nitakuamsha na habari njema." Alinishika kifundo cha mkono, pete yake ikicheza kwenye kidole kilichokonda, akanisimulia kwamba mwaka 1948 mumewe alilala akijua Thomas Dewey ndiye rais, akaamka akakuta ni Harry Truman. Gazeti la Chicago Tribune, alisema, lilikuwa limekwisha kuchapa kwa herufi kubwa kwamba Truman ameshindwa. Na jirani yao, waliyewekeana naye dau, alikuja kuchukua kuku wake kabla hata ya kifungua kinywa.

Ohio ilikwenda kwa Donald Trump wa Republican, Florida ikafuata. Yapata saa saba na nusu usiku Trump alitangazwa mshindi, na jimbo lililomvusha 270 lilikuwa hilo hilo tulimokuwa, kwa tofauti ya kura zisizofika 23,000. Nchi nzima, Clinton alikuja kumzidi kwa karibu milioni 2.9. Bibi aliitazama ramani kwa muda, kisha akanigeukia: "Na wewe, watakuacha ukae?" Nilimjibu kwamba karatasi zangu ziko sawa. "Ziweke pamoja," alisema, akaomba nipunguze sauti bila kuzima.

Hadi leo sijui kama aliona jambo lililowapita wachambuzi wote wale, au ilikuwa hadhari tu ya mtu aliyewahi kupoteza kuku kwa ajili ya Dewey.