Halijajaribiwa

Jumamosi iliyopita jioni binti yangu aliingia jikoni na daftari lake la Sayansi, akaomba yai moja na kumbi la nazi. Mwalimu wao amewagawa katika vikundi na kuwataka wabuni chombo kitakachobeba yai bichi kutoka ghorofani hadi chini bila kupasuka. Niliinama chini ya karo, nikavuta kumbi lililokuwa limelowana tangu asubuhi, na harufu yake ikanirudisha Tanga mwezi Julai 1997, nilipokuwa Kidato cha Tatu.

Mama, ambaye yuko kwetu tangu Ramadhani ilipokwisha, alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele kwenye ungo. Kabla sijafungua kinywa akamwambia mjukuu wake, "Muulize mama yako. La kwake halikuvunjika."

"Kweli, Mama? Halikuvunjika?"

Nikajibu kwamba halikuvunjika.

Mwalimu wetu wa Fizikia alikuwa mtu wa kusikiliza redio. Wiki ile alikuja darasani na habari kwamba chombo cha Marekani kiitwacho Pathfinder kimetua katika sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai, kikiwa kimezungushiwa mifuko mikubwa iliyojazwa hewa. Kwamba kilidunda mara 15 au zaidi kabla ya kutulia, na kwamba ndani yake kilikuwamo kigari cha kilo kumi na nusu hivi ambacho kiliteremka salama kikaanza kutembea. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba jina la kigari hicho, Sojourner, lilitolewa na msichana wa miaka 12 aliyeshinda shindano la insha, na natamani mwalimu wetu angalijua jambo hilo siku ile, kwa sababu darasani tulikuwa wasichana saba tu na tulikaa nyuma.

Alipomaliza habari yake alitupa kazi. Kila kikundi kingeleta yai bichi ndani ya chombo cha kubuni wenyewe, kisichozidi nusu kilo, na hakuna ruhusa ya kununua chochote isipokuwa yai lenyewe. Chombo kingeangushwa kutoka roshani ya ghorofa ya pili. Tulipima kimo kwa uzi uliofungwa jiwe, tukapata mita 8, kisha yeye akatuonyesha ubaoni kwamba yai lingefika chini kwa muda wa sekunde moja na robo hivi, likienda kwa kasi ya kilomita 45 kwa saa. Kasi hiyo haiui yai, alisema. Kinachoua ni kusimama ghafla. Yai likisimama katika umbali wa sentimita 4 badala ya milimita 2, nguvu inayolipiga hupungua mara 20. Nililiandika jambo hilo pembeni mwa daftari na kulizungushia duara, na hadi leo sidhani kama nimewahi kufundishwa kitu kizuri zaidi kwa maneno machache kuliko hayo.

Wazo la kumbi lilikuwa langu. Nimekulia chini ya minazi, na nazi kavu huanguka kutoka urefu wa mita 20 usiku kucha bila kifuu kupasuka. Niliwaambia wenzangu watatu kwamba mnazi ulikwisha kulijibu swali la mwalimu zamani sana. Hatukuifua nazi kwa kifuo kama kawaida, bali tulilichana kumbi kwa urefu kwa panga, tukaitoa nazi, na mahali pake tukashindilia sufi tuliyoinyofoa kwenye mto mkuukuu, tukiacha kitundu cha yai katikati. Vipande viwili vilifungwa kwa kamba ya mkonge. Kwenye mizani ya maabara kifurushi kilikuwa chini ya nusu kilo hata tulipoweka jiwe dogo mahali pa yai.

Yai lilikuwa jukumu langu. Nyumbani wakati ule mayai hayakuwa chakula cha kila siku, na usiku wa kuamkia siku ya shindano nilimwambia Mama neno moja tu, kwamba kesho nitahitaji yai shuleni. Aliamka kabla ya adhana. Nilipomaliza kunawa nilimkuta ameliepua kwenye sufuria, amelikausha kwa upindo wa kanga, na amelifunga pamoja na kikaratasi kilichosokotwa ncha, chenye chumvi ndani.

"Ule kabla ya kengele ya saa nne," aliniambia, "na usimgawie mtu. Umekonda."

Lilikuwa yai pekee ndani ya nyumba, na sikuwa na hata shilingi ya kununua jingine. Nilisema, "Ahsante, Mama," nikalipokea kwa mikono miwili. Njia nzima nililisikia likinipasha joto kiganjani. Nilijiambia kwamba ganda ni ganda, na kwamba linalojaribiwa ni kumbi, si yai. Nilipofika getini lilikuwa limepoa, nami nikawakabidhi wenzangu bila kusema neno.

Shindano lenyewe lilikwenda haraka. Kikundi kimoja kilitumia mfuko wa rambo kama mwavuli, upepo wa baharini ukausukuma ukagonga ukuta. Kingine kilijaza boksi maranda ya fundi seremala, na yai lao likapona. Letu lilidunda mara moja, likabingirika hadi kwenye mtaro, na kijana wa kikundi chetu akaruka roshani ya chini kulifuata. Tulikata kamba, tukafunua sufi, likatoka zima. Darasa lilipiga kelele hadi madirisha ya Kidato cha Nne yakajaa vichwa.

Mayai matatu yalikuwa yamepona. Mwalimu aliyapanga juu ya meza aliyoitoa nje, meza ya mbao yenye madoa ya wino, akatuambia tuisogelee. Alitaka kutuonyesha, alisema, kwamba yai bichi halizunguki vizuri, kwa sababu ganda hugeuka lakini maji ya ndani hayageuki kwa wakati ule ule, nayo hulirudisha nyuma. Alilichukua yai la boksi la maranda, akalizungusha kwa vidole viwili na gumba. Liliyumba, likajivuta kama mtu mwenye usingizi, likasimama. Akalichukua la pili, likayumba vile vile.

Kisha akalichukua la kwetu. Nakumbuka vidole vyake vilikuwa na chaki kwenye mikunjo. Alilizungusha kwa nguvu ile ile, na yai likaondoka mkononi mwake kama pia, likawa duara moja jeupe lisilo na ncha, likivuma kwa sauti nyembamba juu ya mbao. Halikupunguza mwendo. Badala yake likaanza kuinuka. Upande mmoja uliacha meza, taratibu, na yai likasimama wima juu ya ncha yake, linazunguka mbele ya wanafunzi arobaini, na hakuna aliyepumua. Wengi walidhani ni sehemu ya somo. Mimi nilitazama uso wa mwalimu. Kwanza alifurahi, furaha ya kweli ya mtu aliyeona kitu kizuri, kisha furaha ile ikamtoka polepole, naye akaweka kiganja juu ya yai na kulituliza.

Ni kitu adimu, kuinuka kule. Yai lililochemshwa likizungushwa kwa kasi ya kutosha husimama lenyewe, kwa sababu ya msuguano kati yake na meza, na maelezo ya kihisabati yalitolewa na wanasayansi wawili mwaka 2002, miaka mitano baada ya siku ile. Nilipoyasoma nililazimika kuondoka mezani kwangu nikatembee kidogo.

"Nani amelichemsha?" mwalimu aliuliza.

Wenzangu waligeuka kunitazama, nao kwa kweli hawakujua lolote. Katika mfuko wa sketi yangu kikaratasi cha chumvi kilikuwa bado kimesokotwa.

"Mimi, Mwalimu," nikasema.

Nilikuwa tayari kwa fimbo. Hakunichapa, wala hakusema neno juu ya udanganyifu. Alilichukua daftari la kikundi chetu, akafungua ukurasa wenye mchoro wa kumbi, akautazama kwa muda mrefu, akatupa alama zote za mchoro na za maelezo. Chini, palipoandikwa matokeo, hakuandika kwamba tumeshinda wala kwamba tumeshindwa. Aliandika neno moja kwa kalamu nyekundu: Halijajaribiwa. Sikuelewa kama neno lile lilihusu yai, au kumbi, au wazo, maana kwa sarufi yetu yote matatu hupatana nalo, na sikuthubutu kumwuliza.

Kijana aliyeruka roshani hakunisemesha hadi shule zilipofungwa. Yai nililila njiani wakati wa kurudi, kwa chumvi ile, kwa sababu sikuweza kulitupa na sikuweza kulirudisha. Mama aliniuliza mambo yalikwendaje, nikamwambia tulishindanisha mayai na la kwetu halikuvunjika. Alicheka akasema angejua ni la mashindano angenichagulia lenye ganda gumu. Hakuuliza lini nilipata jingine, nami nikaiacha habari ikae hivyo, na miaka yote hii amekuwa akiwasimulia jirani na wakwe.

Kazi yangu ni kupima uimara wa zege. Tunaponda vipande vyake siku ya 7 na siku ya 28 baada ya kumiminwa, na fomu isiyo na takwimu siisaini hata mhandisi wa mradi akinipigia simu mara kumi. Lakini kumbi lile sijawahi kulirudia kwa yai bichi, ingawa nazi ziko kila nyumba na roshani ziko kila mtaa. Nimejiuliza mara nyingi ni nini kinanizuia. Nadhani likipona nitajua kwamba tungeshinda bila mimi kunyamaza, na likipasuka nitajua kwamba yai la Mama ndilo lililotubeba. Na sijui ni lipi kati ya hayo mawili ambalo ningependa kulijua.

Binti yangu alikuwa amekwisha kuchora jedwali. Katika safu ya kwanza aliandika "kumbi la nazi na sufi", katika safu ya pili "Mama, 1997", na katika ya tatu, kwa mwandiko wake mzuri wa duara, "halikuvunjika".

"Futa hapo," nikamwambia. "Andika halijajaribiwa."

"Lakini umesema halikuvunjika. Na Bibi naye amesema."

Kwenye mkeka mlio wa mchele unaopetwa ulikoma. Mama alikuwa ameweka ungo magotini, mikono yote miwili juu yake, ananitazama.