Siku moja ya mkaguzi wa vali za usalama, Kampala hadi Jinja

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimeshaondoka Kampala, kwa sababu anayechelewa kuivuka Mukono huandamana na malori hadi msitu wa Mabira. Nikisema kwamba ninakagua mifumo ya kuachia presha viwandani, wengi huuliza kama niko kwenye miradi ya mafuta ya Tilenga au Kingfisher. Huko kazi ipo, lakini boila za viwanda vya sukari na mitambo ya amonia ya vyumba baridi vilikuwapo Uganda muda mrefu kabla ya mafuta kutangazwa mwaka 2006, na leo ninakwenda kwenye kiwanda kinachokeneka ethanoli kutokana na molasi.

Saa mbili na nusu ni geti, sahihi, kofia ngumu na viatu. Hadi saa tano nimemaliza boila: lakiri za vali zake hazijavunjwa, na mabomba ya kutolea mvuke hayajaelekezwa wanakopita watu.

Saa tano na robo nilifika kwenye kituo cha kupunguzia presha, na hapo ratiba ya siku ikaharibika. Boila inatoa mvuke wa baa 10 (baa ni kipimo cha presha), ilhali mitambo ya kukenekea imeundwa kwa baa 5, kwa hiyo kati yake kuna vali ya kupunguza presha, na baada yake vali ya usalama, inayofunguka yenyewe presha ikizidi, ambayo ndiyo kinga ya mwisho. Chini ya vali hiyo ya usalama mtu alikuwa ameweka vali ya kufungia, na mpini wake ulikuwa umekingama bomba, yaani imefungwa.

“Ilikuwa inavuja mvuke, mwanangu,” alisema mzee wa boila, mtu wa Arua ambaye Kiswahili chake ni cha tangu utotoni. “Wakubwa wa ofisini wakalalamikia kelele.”

Kuifungua ni kazi ya dakika moja, na mnyororo na kufuli vingetosha kuhakikisha haifungwi tena. Lakini niligundua pia kwamba vali ya kupunguza presha ilikuwa mpya, ya inchi 3, wakati michoro inaonyesha ya inchi 2. Vali ya usalama hupimwa kwa kuuliza swali moja: ile ya kupunguza presha ikikwama wazi kabisa, mvuke wote utakaopita utatokea wapi? Mvuke wa inchi 3 hautoshi kwenye vali iliyochaguliwa kwa inchi 2. Itafunguka kama inavyopaswa, na presha itaendelea kupanda. Kwa vali moja, kanuni za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, huruhusu presha ipande asilimia 10 juu ya kikomo, yaani baa 5.5 hapa, na hesabu yangu ya haraka ilipita hapo kwa mbali.

Meneja alikuja akiwa na cheti mkononi. “Injinia, vali ipo, imepimwa, cheti hiki hapa. Tatizo ni nini?” Nilimweleza. Akaniomba niandike “marekebisho yanapendekezwa” ili uzalishaji usisimame, nikakataa; akapiga simu, akaondoka, akarudi na mhasibu, sijui kwa hesabu ipi. Aliposema kwamba vali ikifunguka basi hatari imekwisha, nilimkumbusha Texas City, Marekani, Machi 2005: vali za usalama zilifunguka, lakini kimiminika kilitoka kupitia bomba refu lisilo na mwenge, yaani moto wa kuteketeza gesi inayotoka, mvuke wake ukawaka, na watu 15 wakafa.

Wakati wanajadiliana nilikwenda kwenye mwenge wa gesi inayotokana na mabaki ya molasi. Moto wa kiwashio ulikuwa hai na kizuia moto, kinachouzuia usirudi ndani ya bomba, kilikuwa safi, ila bomba lilikuwa limebonyea katikati na kukusanya maji, jambo linaloisukuma gesi irudi tangini. Waliyatoa maji papo hapo bila ubishi. Maji hayasimamishi uzalishaji. Chakula cha mchana, matoke na maharagwe, nilikila kikiwa kimepoa.

Kuanzia hapo sikumbuki saa vizuri. Njia ya mvuke ilifungwa jua likielekea kuzama, baada ya mimi kusema kwamba sisaini chochote. Ile vali ya zamani ya kupunguza presha, ya inchi 2, ilikuwa bado stoo, kwa bahati, ingawa kupata gasketi za kuzibia maungio kulichukua muda mrefu kuliko kuiweka vali yenyewe. Mafundi walinuna, na nawaelewa, maana zamu yao ilikuwa imekwisha na mtu wa kulaumiwa alikuwa amesimama mbele yao na kalamu. Mzee wa boila peke yake ndiye aliyeniletea chai.

Walipofungulia mvuke, geji ilitulia chini kidogo ya baa 4, na vali ya usalama ikaanza kuvuja tena kwa sauti ile ile iliyowaudhi wa ofisini. Niliandika kwamba ipelekwe karakana isagwe upya kwenye kikalio chake, na kwamba vali ya inchi 3 isirudishwe hadi ya usalama ibadilishwe kwa kubwa zaidi. Meneja alisaini kila ukurasa bila kuniangalia, kisha akauliza kama ninaweza kumtumia ankara mwezi ujao.