Siku moja maishani mwangu: bosi wangu ni kipimajoto

Saa 9:40 usiku

Simu haijalia, mimi niko macho. Kiangazi hunifanya hivi kila mwaka. Usiku ni mfupi, jua linatoka mtu hajashiba usingizi, na samaki wanaopenda maji ya baridi hula mapema kisha wakazama kujificha. Kazi yangu ni kuwapeleka watu ziwani wakavue kwa ufito, na karibu kila samaki tunayemvua tunamrudisha majini.

Wapo wanaocheka wakisikia hivyo. "Unamkamata halafu unamwachia? Sasa ulimsumbulia nini?" Siwalaumu. Ujerumani, kwa mfano, kuvua kwa nia ya kurudisha tu kunaweza kukuingiza matatani, kwa sababu sheria yao ya kulinda wanyama inataka uwe na sababu ya maana ya kumuumiza mnyama. Swali hilo nalibeba kila siku ninapopanda mashua.

Saa 10:15 alfajiri

Niko gatini. Sijagusa ufito wala chambo. Kwanza nashusha kipimajoto kwa kamba niliyoipiga fundo kila mita moja. Juu: nyuzi 18.8. Mita 4: nyuzi 18.5. Mita 7: nyuzi 13. Mita 9: nyuzi 10.

Ukiwahi kuogelea ziwani wakati wa joto unajua ninachosema: kifua kiko kwenye maji vuguvugu, miguu inaganda. Maji ya joto ni mepesi, yanaelea juu. Ya baridi ni mazito, yanakaa chini (uzito wao hufika kileleni yakiwa karibu nyuzi 4), na katikati kuna mkanda ambapo joto linaporomoka ghafla. Upepo wa kiangazi unakoroga tabaka la juu tu. Tabaka la chini halipati hewa mpya, na uozo ulioko sakafuni unaendelea kula oksijeni yake kidogo kidogo. Katika maziwa mengi trauti, samaki wa maji ya baridi, hujikuta kabanwa: juu joto, chini hakupumuliki.

Halafu kuna hesabu nyingine. Maji safi ya nyuzi 10 yanaweza kushika miligramu 11 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 25 yanashika kama 8 tu. Wakati huohuo mwili wa samaki, ukipata joto, unadai oksijeni zaidi. Mapato yanashuka, matumizi yanapanda. Ndiyo maana nina sheria moja: maji ya juu yakifika nyuzi 20, trauti basi. Hata kama tumevua dakika kumi tu. Hata kama mteja amekuja kutoka mbali.

Saa 10:40 alfajiri

Vifaa. Nabana kwa koleo kile kijino cha nyuma ya ncha ya kila ndoana mpaka kilale. Ndoana isiyo na kijino hutoka kwa kuigeuza kidogo tu. Yenye kijino hutoka na nyama. Chambo bandia zinazouzwa na ndoana za ncha tatu nimezing'oa zote nikaweka za ncha moja. Wavu wa mkono ni wa mpira, hauna mafundo, maana nyuzi ngumu zinakwangua ute wa samaki, na ute huo ndio koti lake dhidi ya vijidudu na ukungu.

Chubwi zangu, vile vizito vya kuzamisha mshipi, si za madini ya risasi. Uingereza walipiga marufuku zile ndogo za risasi mwaka 1987 baada ya kuona mabata-maji wanazimeza na kufa kwa sumu. Mimi nilichelewa kuziacha, nakiri. Nilikuwa na kopo zima na nikaona hasara.

Mshipi nafunga mnene kuliko unavyohitajika. Wageni wengi wanadhani mshipi mwembamba ndio ufundi, kwamba kupigana na samaki robo saa ni umahiri. Robo saa hiyo misuli ya samaki inajaa asidi kama miguu ya mtu aliyekimbizwa. Mtoe haraka.

Saa 11:20 alfajiri

Wateja wa leo ni mzee mmoja na mjukuu wake wa kike, miaka kumi na miwili hivi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Huyu ndiye mvuvi, mimi ni mpiga picha."

Mtoto anakagua mashua kama mnunuzi. "Anti, samaki wanaumia?"

Namwambia wanasayansi bado wanabishana samaki anahisi nini hasa, lakini kwamba anachoka, anakosa hewa na anajeruhika, hilo halina ubishi. Anafikiri kidogo. "Basi tuwahi kuwaachia." Nikajisemea, huyu ningeweza kumwachia kazi yangu kesho.

Saa 12:10 asubuhi

Ukungu juu ya maji. Trauti wamepanda kwenye ukingo wa magugu kula wadudu. Mtoto anavua wawili ndani ya nusu saa. Wote hawakutoka majini kabisa: wavu chini, mkono uliolowa, ndoana ikageuzwa, wavu ukainamishwa, kwaheri. Daftari langu lina safu nne: saa, joto la maji, kina, na sekunde ambazo samaki amekaa hewani. Hao wawili nimewaandikia sifuri.

Saa 1:50 asubuhi

Nyuzi 19.6. Ningesimamisha, ila ufito wa mtoto umeshajipinda. Trauti huyu ni mkubwa, na pembe ya juu ya mkia wake imemegeka, kidonda cha zamani kilichopona. Anatuvuta dakika tano.

Mzee anataka picha. Utaratibu wangu wa picha ni huu: kila kitu kiwe tayari kabla samaki hajainuliwa, mtoto anazuia pumzi yake, na akihitaji kuvuta hewa, samaki naye anarudi. Tumejipanga vizuri. Samaki akainuliwa, maji yakimchuruzika, mkono mmoja tumboni na mmoja kwenye shina la mkia.

Simu ya mzee ikazima.

"Subiri, subiri kidogo binti…"

Nilipaswa kusema hapana. Nilisema "haraka, mzee wangu." Sekunde 22. Picha ikapatikana. Nilimshika samaki wima majini, uso ukielekea upepo, nikangoja. (Ule mtindo wa kumsukuma mbele na nyuma kama unasugua nguo achaneni nao. Maji yanapaswa kuingia mdomoni na kutokea kwenye matamvua, si kinyume.) Baada ya dakika mbili alipiga mkia akaondoka kwa nguvu. Mtoto akampungia mkono.

Saa 2:15 asubuhi

Nyuzi 20. Trauti basi. Mzee anaguna. Namweleza tukiendelea tutakuwa tunawavuta kutoka maji ya nyuzi 10 tukiwapitisha kwenye joto wakiwa hawana pumzi. Anakubali, nusu nusu.

Tunahamia kwa perchi, ndugu wa mbali wa sangara, ambao joto haliwasumbui hivyo. Mashine ya kuangalia chini inaonyesha kundi kwenye mita 11. Mtoto anashusha chambo kabla sijafungua mdomo, na perchi wa kwanza anafika juu macho yamemtoka, tumbo limevimba, na kitu kama puto la waridi kinachungulia mdomoni.

Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo ni maradufu ya huku juu. Gesi iliyoko kwenye kibofu cha hewa cha samaki, akipandishwa haraka, inatanuka mara mbili. Trauti ana mrija kutoka kibofuni hadi kooni, anaweza kucheua. Perchi hana, kafungwa kama chupa. Na lile puto si kibofu, ni tumbo lake la chakula limesukumwa nje. Nimewaona watu wakilitoboa kwa sindano wakiamini wanamsaidia.

Kumrudisha huyu ni kumtupa aelee mpaka ndege wamwone. Kanuni za ziwa hili zinaruhusu kubaki na perchi, kwa hiyo nikampiga kichwani mara moja nikamweka kwenye barafu. Mtoto akanyamaza. Kisha tukasogea kwenye mita 4, tukavua wengine watano, wote wazima, wote wakarudi. Mmoja alikuwa amemeza ndoana hadi kooni. Sikuichokoa. Nilikata mshipi karibu na mdomo iwezekanavyo, kwa sababu kuing'oa huua zaidi kuliko kuiacha.

Saa 5:30 asubuhi

Tumerudi gatini. Mzee kaniuliza, si kwa ubaya, kama sekunde zile zina maana kweli au nazichukulia tu kama dini. Nikamweleza jaribio lililochapishwa mwaka 1992 na watafiti Ferguson na Tufts. Walichosha trauti kwa kuwakimbiza, kisha baadhi yao wakawaweka hewani. Saa 12 baadaye, waliokimbizwa tu walikuwa hai asilimia 88. Waliokaa hewani sekunde 30: asilimia 62. Sekunde 60: asilimia 28. Hao walikuwa samaki wa maabara, waliochoshwa kabisa, kwa hiyo si kila trauti wa ziwani atafuata hesabu hiyo. Ila tangu nisome takwimu hizo siwezi kumwangalia mtu akipanga tabasamu huku samaki anatapatapa mikononi mwake.

Mzee aliangalia simu yake muda mrefu.

Saa 7 mchana

Naosha mashua. Natoa kizibo, namwaga maji yote, nang'oa kila uzi wa gugu kwenye rafadha, naianika juani. Kome-milia, kome wageni wenye ganda la mistari, waligunduliwa kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini mwaka 1988, na tangu hapo wamesambaa ziwa hadi ziwa, mara nyingi kwa kupanda mashua kama hizi. Mabuu wao hawaonekani kwa macho, tone la maji sakafuni linawatosha.

Saa 8:20 mchana

Mteja wa mchana amefika na mkoba wa vifaa vipya. Anataka trauti. Maji ya juu yamefika nyuzi 23. Nikampa chaguo: perchi wa maji mafupi, au siku nyingine alfajiri. Alinieleza, kwa sauti ya kusikika gati nzima, kwamba yeye ndiye anayelipa. Nikamrudishia pesa yake. Inauma, sitaki kujifanya haiumi. Huyu ni wa tatu mwezi huu.

Saa 12:30 jioni

Upepo uliokuwa ukivuma tangu mchana umetulia. Natembea ukingoni kuokota mishipi iliyotupwa, kazi ninayoifanya karibu kila jioni, maana ndege wanajifunga miguu humo. Leo nimepata vipande saba na kopo la chambo.

Kwenye matete, upande ambao upepo ulikuwa unasukuma maji, kuna kitu cheupe. Niliinama nikidhani ni mfuko. Trauti, tumbo juu. Nilimgeuza. Pembe ya juu ya mkia imemegeka.

Saa 2 usiku

Daftari liko mezani. Kwenye mstari wa saa 1:50, safu ya hewani, imeandikwa 22, na pembeni kwa mwandiko wangu wa asubuhi: "kaondoka na nguvu." Nimekata maneno hayo nikaandika "kafa."

Kisha nimefungua ukurasa wa mbele, pale nilipoandika sheria yangu kwa wino mnene, nikafuta 20 nikaweka 19. Simu nimeitega saa 9:15.