Walitaka kung'oa masega, nikayapima kwanza Kawetire

Mafundi wanatudanganya sana kuhusu masega ya ekzosi, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya bomba (catalytic converter). Hapa Mbeya wawili walitaka kukata ya gari langu, injini ya cc 1500, nikakataa, na leo linapanda vizuri likiwa na masega yake yote.

Shida ilikuwa mlimani. Mjini gari linakwenda bila neno, ila likishika barabara ya Chunya kupanda Kawetire linakuwa zito, unakanyaga mafuta halijibu, mpaka Fuso ya viazi inakupigia honi. Jibu la mafundi lilikuwa moja: "Bosi, masega yameziba, tuyatoe gari lipumue." Mmoja akasema atanifanyia bure. Hiyo bure ndiyo iliyonishtua. Ndani ya masega mna metali za thamani, platini, paladi na rodi, na wanunuzi wanayatafuta gereji kwa gereji. Unaondoka na bomba tupu, mwenzako anabaki na hela.

Nikapima mwenyewe. Kuna sensa ya oksijeni kabla ya masega na nyingine baada yake. Ukifungua ile ya kwanza, tundu lake linabaki wazi na moshi unapata pa kutokea kabla haujafika kwenye masega. Kama ndiyo yaliyoziba, gari litachangamka papo hapo. Nikaifungua, nikaufunga waya wake mbali na ekzosi usiungue, nikashusha vioo vyote moshi usikae ndani, nikapanda. Kelele zilikuwa za kutisha, na taa ya injini ikawaka, jambo nililolitarajia. Gia ya pili, mguu mpaka chini. Kwenye kona ninayoijua vizuri spidi ilikuwa ileile, arobaini na ushee, haiongezeki hata ukifanyaje. Masega hayakuwa na kesi.

Fundi wa tatu, kijana wa Mwanjelwa, alikuwa na geji ya presha ya petroli yenye mpira mrefu. Tuliibandika kwenye kioo cha mbele kwa soltepu tukapanda nayo mlima. Injini yangu inataka psi 44 hadi 50. Tambarare mshale ulitulia palepale, lakini mlima ulipokaza ukaanza kushuka, ukapita 40, ukaenda chini ya 30 huku gari likikata pumzi. Kumbe njaa ya mafuta! Tukafungua tanki: chujio la pampu lilikuwa limevaa utando mweusi unaonata vidoleni kama lami. Chujio jipya na ufundi havikufika laki, na kona ile sasa naipita nikiwa na mguu wa akiba.

Jirani yangu alikubali kukatiwa. Taa ya injini haizimiki, msimbo ni P0420 kila ikipimwa, yaani masega hayasafishi moshi, na ukisimama nyuma ya gari lake macho yanawasha. Masega hupunguza sumu ya moshi: hugeuza petroli isiyoungua, oksidi za naitrojeni na kaboni monoksidi (hewa ileile isiyo na harufu inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani usiku wa baridi) kuwa hewa zisizo na madhara makubwa hivyo. Watoto wetu wanatembea kando ya barabara hizi kwenda shule. Na faida yake? Kwa injini ndogo isiyo na tabo, kutoa masega mazima kunakupa nguvu za farasi mbili tatu tu. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia 15 hivi, na nguvu inapungua kwa kiasi kama hicho. Hakuna bomba la kukurudishia hiyo.

Yapo masega yanayoziba kweli, hasa gari likikaa muda mrefu na misi, yaani silinda isiyochoma mafuta yake: petroli mbichi inakwenda kuungulia humo mpaka yanayeyuka. Kipimo cha tundu kikionyesha hivyo, badilisha plagi au koili iliyokufa kwanza, ndipo ununue mengine, la sivyo hata mapya utayachoma.