Siku moja Trzcianne, kwenye kinamasi cha ndege korongo

Saa 10:30 alfajiri. Ng'ombe hawajui Jumapili. Nikifungua zizi, ukungu umelala bondeni hadi kiunoni, naona migongo tu ikielea. Navisha chuchu vikombe vya mashine, maziwa yanakimbilia tangi la kupozea. Kwetu Karatu, Tanzania, tulikamua kwa mkono, kidumu kikijaa unashangilia.

Saa 2 asubuhi. Chai ya limau, mkate, siagi. Trzcianne ni herufi nne za kukwaruzana kabla hujakutana na irabu. Trzcina kwa Kipolandi ni matete, na hapa hayaishi. Ni wilaya ndogo ya vijiji kaskazini mashariki mwa Poland, na sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Biebrza. Hifadhi ilianzishwa 1993, ina zaidi ya hekta 59,000, na hakuna kubwa kuliko hiyo nchini.

Saa 4. Tunapita Carska Droga, Barabara ya Tsar, yaani mfalme wa Urusi ya zamani. Bosi anafunga breki: łoś amesimama katikati, wa jamii ya kulungu lakini mrefu kama farasi, pua imening'inia kama soksi yenye maji. Tangu 2001 hawindwi Poland, na anajua. Tunamsubiri yeye.

Saa 5 mpaka saa 9. Kukata majani kinamasini. Trekta la kawaida lingezama, kwa hiyo wanatumia ratrak, mashine ya minyororo iliyobuniwa kwa theluji. Hukatwa mwishoni mwa kiangazi, kwa sababu kuna ndege mmoja mdogo, wodniczka, anayetaga chini kabisa kwenye majani hayo. Nilishuka kuondoa gogo, mguu ukazama hadi gotini. Mguu ulitoka, buti lilibaki. Nimefanya kazi iliyobaki na soksi.

Korongo weupe walitufuata nyuma wakiokota vyura na panzi. Wiki hii ya tatu ya Agosti wanakusanyika. Karibuni wataondoka kupitia Bosporasi, mlango wa bahari huko Uturuki, na bonde la Nili, baadhi yao waishie kwetu.

Saa 12 jioni, kukamua tena. Mama yake bosi, sote tunamwita babcia, bibi, akaja na viazi vya kuoka. Akatazama kiota juu ya nguzo ya umeme.

"Wanakwenda kwenu. Waambie watoto wa huko wasiwapige mawe."

Nikasema ndiyo, bibi. Sikumwambia kwamba nilikuwa na manati.