Siku moja maishani mwangu: mkunga wa zamu ya mchana

Saa 1 asubuhi tunapokezana zamu. Kituo cha kwanza ni friji. Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu ikate baada ya kujifungua, hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikisahaulika mezani kwenye joto hupungua nguvu bila kubadilika rangi, na utajua tu siku damu inapokataa kukata.

Saa 2 hadi saa 5 ni kliniki: presha, mkojo, kimo cha mimba kwa utepe, mapigo ya mtoto, vidonge vya kuongeza damu. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8, la kwanza kabla ya wiki 12. Wengi huja tumbo likishaonekana. Presha ikifika 140/90 mama anapumzika, kisha napima tena. Kichwa kinachouma bila kutulia, au macho kuona ukungu, hakusubiri tarehe ya kadi.

Saa 5 na nusu anapokelewa mama, njia imefunguka sentimita 6. Nasikiliza mapigo ya mtoto kila nusu saa, na kila dakika 5 akianza kusukuma.

Saa 9 alasiri mtoto analia. Nje ni vigelegele. Kwangu ndipo pagumu panapoanza. Napapasa tumbo, hakuna pacha, nachoma oksitosini yuniti 10 pajani ndani ya dakika moja. Mtoto yuko kifuani kwa mama, kitovu kinasubiri walau dakika moja kabla ya kubanwa. Kondo likitoka naligeuza pande zote, maana kipande kikibaki ndani mfuko wa uzazi haukazi.

“Nesi, si ameshajifungua? Mwacheni akaoge!” Ndugu yake yuko mlangoni tena. Anaona nimekaa tu, mkono juu ya tumbo la mgonjwa. Mkono huo ndio kazi yenyewe: kila dakika 15 kwa saa 2 nausikia mfuko. Ukiwa mgumu kama mpira, sawa. Leo umelegea. Plastiki yenye vipimo chini ya makalio inasoma mililita 350 na damu bado inatiririka (kwa macho ungesema 150). Hapo hatujaribu kimoja kimoja: masaji ya mfuko, oksitosini kwenye dripu, traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda) gramu 1 mshipani polepole kwa dakika 10, kukagua michubuko, na kutoa mkojo, kwa sababu kibofu kilichojaa huzuia mfuko kukaza.

Unakaza. “Mnachelewesha watu,” anasema ndugu.

Saa sijaiangalia tena. Miguu inawaka, na maandishi yote bado. Kuna mama wa jana anayeruhusiwa baada ya saa 24. Namwandikia kurudi siku ya 3, wiki ya 2 na wiki ya 6. Wengi hurudi kwa chanjo ya mtoto tu, wao wenyewe hawapimwi. Basi namrudisha kitini: homa, uchafu unaonuka, pedi kulowa chapa ndani ya saa moja, mguu mmoja kuvimba na kuuma, njoo hata usiku.