Nilivyopima uelewa wa Kaizen, ofisini na kwenye mashine

Nilikabidhiwa usimamizi wa uzalishaji katika kiwanda kimoja cha ndoo na mabeseni ya plastiki jijini Dar es Salaam wakati uongozi ulikuwa umekwisha kuamua kufuata Kaizen, ile njia ya kupunguza upotevu iliyokomaa katika viwanda vya Toyota, ambayo hapa nchini Wizara ya Viwanda na Biashara imekuwa ikiieneza kwa ushirikiano na JICA, shirika la serikali ya Japani la ushirikiano wa maendeleo, tangu 2013. Mameneja walikuwa wamehudhuria mafunzo, na mabango ya Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia, hatua tano za kupanga mahali pa kazi, yalikuwa yamebandikwa ukutani. Kabla ya kuidhinisha semina nyingine, nilitaka kujua nani anaelewa nini.

Sikutumia dodoso, kwa sababu dodoso linalouliza kama mtu anaifahamu Kaizen hupima tu nani alihudhuria semina. Niliwaomba watu wa ofisini na wa kwenye mashine jambo moja: wanionyeshe kinachopoteza muda na mali kiwandani. Mameneja walizitaja vizuri aina saba za upotevu alizoziainisha Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, lakini nilipouliza muda wa kubadilisha moldi, yaani kalibu, ya ndoo ya lita 20 huishia wapi, walifungua taarifa ya zamu. Waendesha mashine wengi hawakuweza kutaja hata aina moja, ila mmoja wao alinishika mkono akanipeleka kwenye mashine yake. "Bosi, kufunga moldi si kazi," alisema. "Kazi ni kusubiri winchi, na winchi ikifika, spana iko kwa fundi wa mashine ya pili." Katika taarifa ya zamu, kusubiri kote huko kuliandikwa "kubadilisha moldi". Kwa mtihani wa semina, mtu huyu angepata sifuri.

Kwa hiyo niliagiza moldi, spana na mipira ya maji ya kupozea vifikishwe kando ya mashine kabla haijazimwa, na kila meneja ashuhudie ubadilishaji mmoja mwanzo hadi mwisho bila kutoa amri yoyote. Sharti hilo la kunyamaza ndilo lililowashinda wengi.

Kazi ngumu zaidi ilihusu kusimamisha mashine. Mameneja walipenda kusimulia habari za mtambo wa kufumia wa 1924 wa Sakichi Toyoda, mvumbuzi aliyeweka msingi wa kampuni za Toyota, uliosimama wenyewe uzi ulipokatika, na walishangaa kwa nini waendesha mashine wetu hawabonyezi kitufe ndoo zinapotoka na mdomo uliopungua. Jibu lilikuwa kwenye hati ya mshahara. Bonasi ilifuata idadi iliyosomwa kwenye mashine, zikiwemo ndoo zilizokwenda moja kwa moja kusagwa, hivyo aliyesimamisha mashine alijikata posho kwa mkono wake mwenyewe. Kuuita huo ukosefu wa uelewa ni kuwaonea, kwani walikuwa wamepiga hesabu sahihi kabisa. Baada ya mabishano marefu na mhasibu, bonasi ilianza kuhesabu ndoo nzima tu, na muda uliopotea kwa kasoro iliyotolewa taarifa haukukatwa tena.

Ilibaki hofu, ambayo haikuzungumzwa vikaoni. Mfanyakazi anayesikia kila siku kwamba upotevu lazima uondolewe hujiuliza kama yeye naye ni sehemu ya upotevu huo. Nilimwomba mkurugenzi asaini tangazo kwamba hakuna atakayepunguzwa kazi kwa sababu ya muda uliookolewa. Alisita sana, na namwelewa, maana tangazo la namna hiyo ni deni. Lilipobandikwa, mapendekezo yalianza kuja, mengi yakitoka zamu ya usiku, ambayo hakuna meneja aliyekuwa akiitembelea.

Vibarua wanaochukuliwa getini asubuhi bado hawajaingia katika utaratibu huu. Huwa namweka kila mgeni kwenye meza ya kukata mabaki, pembeni ya mwendesha mashine mzoefu, ajifunze kwanza kuitambua ndoo mbovu, na mhasibu anashikilia kwamba saa hizo ziandikwe kama upotevu.